Ndugu wa mgonjwa ni nani? Haki ya kumtaja mtu atakayekuuguza

Sista akitoka mlangoni mwa wodi na kuita, "Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha nane!", mara nyingi hasimami mtu mmoja. Husimama mke aliyelala sakafuni kando ya kitanda usiku kucha. Husimama kaka mkubwa aliyeshuka asubuhi na basi la Dar es Salaam. Husimama pia shemeji aliyelipia vipimo, ambaye risiti zote ziko mfukoni mwake. Sista ana wodi nzima inayomsubiri. Anamwelekea aliye karibu zaidi, anaeleza dozi na tarehe ya kurudi kliniki, kisha anaingia ndani. Mgonjwa anaporuhusiwa kesho yake, aliyepewa maelezo yuko safarini, basi limeshapita Makambako.

Familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini zilizowahi kuuguza zinaijua hali hii, iwe ni Mbeya mjini, Tosamaganga, Ilembula au Ikonda. Maswali huwa ni yaleyale. Hospitali imsikilize nani? Nani aambiwe ugonjwa? Nani asaini kabla ya upasuaji? Wapo waliosikia kwamba Marekani kuna sheria inayompa mgonjwa haki ya kumtaja mtu wa kumwangalia, na kila mmoja ameielewa kwa namna yake: huyu anasema aliyetajwa ndiye anayeamua kila kitu, yule anasema ndiye atakayedaiwa bili, mwingine anasema ndiye mrithi. Yote matatu si kweli. Jambo lenyewe ni jepesi kuliko linavyosimuliwa, ila limefungwa fundo moja na mambo mengine yasiyolihusu.

Kazi nne, si lazima mtu mmoja

Mkanganyiko unatokana na kumbebesha mtu mmoja kazi nne bila kumwuliza, kisha kumlaumu kwa zote.

Kazi ya kwanza ni ya mwangalizi. Huyu ndiye atakayeuguza kwa mikono yake: kumlisha mgonjwa, kumgeuza kitandani, kumpa dawa kwa saa, kumfunga kidonda, kumpeleka kliniki. Anaweza kuwa mke, mume, mtoto, mkwe, jirani au rafiki wa kanisani au msikitini. Sifa yake kubwa ni kwamba atakuwepo.

Ya pili ni ya ndugu wa karibu, yaani jina na namba ya simu inayoandikwa mapokezi ili hospitali ipate pa kupiga likitokea jambo. Hii ni anwani tu. Anayeandikwa hapo anaweza kuwa yuko Kyela wakati mgonjwa amelazwa Mbeya.

Ya tatu ni ya mtoa ridhaa, yule ambaye "ndiyo" yake inamruhusu daktari kukata, kuchoma sindano ya usingizi au kumwongezea mtu damu. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, mtoa ridhaa ni mgonjwa mwenyewe. Watu wengi hawalijui hili, na hata baadhi ya wahudumu hulisahau wakiona kaka mkubwa amesimama mlangoni kwa suti.

Ya nne ni ya mlipaji, na hiyo haihitaji maelezo.

Kinachonisumbua ni kwamba kwetu heshima huzifuata kazi hizi kinyumenyume. Mlipaji husikilizwa kwanza, wa pili ni mkubwa wa ukoo, na mwangalizi ndiye wa mwisho, hasa akiwa mkwe au binti mdogo. Wakati huohuo ndiye anayejua kwamba mzee hakulala, kwamba mkojo umebadilika rangi, kwamba vidonge vya jana alivitema.

Anayeogopa kwamba kumtaja mwangalizi ni kumkabidhi madaraka amfikirie mshenga. Mshenga hutumwa na upande mmoja kwa upande wa pili. Hubeba maneno, hurudi na majibu, hukumbuka yaliyokubaliwa na kuhakikisha vitu vinafika. Asipokuwepo, mazungumzo huvurugika. Lakini hakuna anayedhani kwamba yeye ndiye anayeoa, wala kwamba mahari itatoka mfukoni mwake. Mwangalizi yuko hivyo kati ya mgonjwa na hospitali. Anasikia, anakumbuka, anafanya. Uamuzi unabaki kwa mwenye mwili.

Walichofanya Marekani

Mwaka 2014 jimbo la Oklahoma lilikuwa la kwanza Marekani kupitisha sheria hiyo ya kumtaja mwangalizi, inayojulikana kwa kifupi kama CARE. Msukumo ulitoka kwa AARP, chama kikubwa cha Wamarekani wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na baadaye majimbo zaidi ya 40 yalipitisha sheria za aina hiyo. Mwaka 2012 chama hicho, pamoja na shirika la United Hospital Fund la New York, kilikuwa kimetoa taarifa iliyoonyesha kwamba asilimia 46 ya watu waliokuwa wakiuguza ndugu nyumbani walikuwa wakifanya kazi za kitabibu: kutoa dawa nyingi kwa mpigo, kusafisha vidonda, kuendesha mashine. Wengi wao hawakuwa wamefundishwa vya kutosha na mtu yeyote. Hospitali zilikuwa zikiwaruhusu wagonjwa mapema, na kazi ya wodini ikawa inahamia sebuleni kwa mtu asiyejua hata kushika bomba la sindano.

Maneno ya sheria hizo hutofautiana kidogo kutoka jimbo hadi jimbo, lakini mambo makuu ni matatu. Mgonjwa akilazwa, hospitali imwulize kama anataka kumtaja mwangalizi, na jina hilo liandikwe kwenye faili. Akikaribia kuruhusiwa au kuhamishwa, mwangalizi ajulishwe mapema. Na kabla ya kuondoka, mwangalizi aelezwe na aonyeshwe kazi atakazozifanya nyumbani, apewe nafasi ya kuuliza.

Sheria hizi hazimpi mwangalizi mamlaka ya kuamua matibabu. Hazimlazimishi kuikubali kazi, kwani aliyetajwa anaweza kukataa. Hazimfanyi mdaiwa wa bili. Hazisemi lazima awe wa damu. Na mgonjwa anaweza kubadilisha jina wakati wowote. Kuhusu nani aamue mgonjwa asipojitambua, Marekani kuna hati nyingine kabisa zenye taratibu zake. Anayekuambia kwamba kule mwangalizi ndiye mwamuzi amechanganya karatasi mbili.

Sheria zetu zinasemaje

Tanzania hatuna sheria moja iliyobeba jambo hili kwa jina lake. Hata hivyo hatuko mikono mitupu.

Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kimsingi zinahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa katika mazingira ambayo sheria imeyataja. Madaktari na wauguzi nao wana mabaraza yanayowasimamia na maadili yanayowafunga kutunza siri za mgonjwa na kuomba ridhaa yake kabla ya kumtibu. Ukiyaweka pamoja haya unapata jambo moja la msingi: habari ya mwili wako ni yako, na wewe ndiye unayesema nani aambiwe. Haki ya kumtaja mwangalizi inaota kutoka hapo.

Kwa mtoto mambo ni tofauti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inampa haki ya matibabu na chanjo. Mzazi au mlezi ndiye anayemsemea. Bibi wa Ludewa anayelea wajukuu kwa sababu wazazi wako mjini atajisaidia sana akiwa na namba ya simu ya mzazi inayopatikana, pamoja na barua ya serikali ya kijiji inayoeleza kwamba yeye ndiye anayeishi na mtoto. Barua hiyo haimfanyi mzazi. Inampunguzia tu maswali ya mapokezi saa nane za usiku.

Kwa dharura, kanuni ya udaktari iko wazi: maisha yakiwa hatarini na mgonjwa hawezi kusema, daktari anaokoa kwanza. Hakuna mwenye haki ya kusema operesheni isubiri mpaka mjomba afike kutoka Songea.

Kuna imani moja iliyoshika mizizi na inayoumiza: kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kufanyiwa upasuaji mpaka mume asaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mtu anayeweza kusaini mkataba wa shamba la parachichi Rungwe hawezi kuwa hana sauti juu ya tumbo lake mwenyewe. Mume kushirikishwa ni jambo jema, na wodi za wazazi huwahimiza wanaume waje. Lakini kumshirikisha mume ni jambo moja, na kumsubiri wakati mama anapoteza damu ni jambo lingine. Mwanamke mwenye akili timamu akisema "ndiyo", imetosha.

Hofu ya siri

Nimeliweka hili peke yake kwa sababu katika mikoa yetu ndilo linalowafanya wengi wakatae kumtaja mtu yeyote.

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini wanaishi na virusi. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, juu kuliko mkoa wowote, na Iringa na Mbeya zikafuata. Kwa hiyo ni kawaida kabisa kwamba mtu aliyelazwa kwa mguu uliovunjika anameza pia dawa za kufubaza virusi, na kwamba nyumbani anayejua ni yeye na mwenzi wake tu, au yeye peke yake. Ukimwambia mtu huyo "mtaje mwangalizi", anachosikia ni "mtaje mtu atakayesoma faili lako". Anaogopa kwa haki. Kuna nyumba ambazo neno moja lililodondoka wodini limevunja ndoa au kumfukuzisha binti kwao.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri na apewe aliyepimwa, isipokuwa kwa watu na mazingira ambayo sheria yenyewe imeyataja, kama mtoto anayesemewa na mzazi. Kumtaja mwangalizi hakufuti sheria hiyo. Mgonjwa anaweza kusema kwa sauti yake: "Huyu mdogo wangu mwambieni habari za mguu, namna ya kuosha kidonda na siku ya kurudi. Mengine niulizeni mimi." Ni ombi halali, na muuguzi anayejua kazi yake ataliandika hivyo.

Ila kuna uamuzi ambao mgonjwa hawezi kuukwepa. Mwangalizi asipojua kwamba kuna dawa za kila siku, mgonjwa akizidiwa hakuna atakayemkumbusha wala kumpa. Dawa za kufubaza virusi hazitaki kurukwa. Mimi ningeshauri kuzungumza na mshauri wa kliniki ya tiba na matunzo kabla ya kutoka wodini, ili mgonjwa aamue kwa utulivu kama kuna mtu mmoja, mmoja tu, anayeweza kubeba habari hiyo. Mara nyingi yupo. Mara nyingi si yule ambaye ukoo ungemchagua.

Siku ya kuruhusiwa

Kumtaja mwangalizi kuna maana gani kama jina litabaki wino kwenye faili? Faida yake hujulikana siku ya kuruhusiwa, na hapo ndipo tunapopoteza zaidi.

Chukua mfano wa mzee wa Mwakaleli aliyepata kiharusi. Amelazwa Mbeya, upande wa kulia umelegea, maneno yanatoka kwa shida, na Kiswahili chake tangu zamani ni cha kubahatisha. Amezoea Kinyakyusa. Wanawe wawili wa kiume wako mjini, wana gari, wanazungumza vizuri na daktari. Lakini atakayekaa naye Mwakaleli ni mkwe, mke wa mtoto wa tatu. Daktari akiwaeleza wale wawili, maelezo yatapita vinywa viwili, simu moja na usiku mmoja kabla ya kumfikia yule mama, na yatafika yakiwa "apewe dawa za presha na mazoezi".

Kuna mengi ambayo yeye ndiye aliyepaswa kuyaona kwa macho. Mzee alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, kwa sababu koo lililolegea hupitisha uji kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia. Akilala kutwa, ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mgongo na visigino viangaliwe, maana kidonda cha mgandamizo huanza kama wekundu mdogo tu. Kama ana mrija wa mkojo, mfuko ukae chini kuliko kibofu, usiwekwe kitandani pembeni yake. Asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza, bega huchomoka. Dawa za presha ziendelee hata akisema yuko salama. Na zipo dalili za kumfanya mtu asingoje asubuhi: maneno kupotea ghafla tena, homa, kushindwa kumeza, mkojo kukata.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji elimu ya chuo. Yote yanahitaji mtu sahihi asimame pale kitandani kwa muda, aonyeshwe, kisha afanye yeye sista akimtazama. Kuelezwa hakutoshi. Mwambie sista: "Naomba nifanye mimi, unisahihishe." Na baada ya maelezo ya dawa, yarudie kwa maneno yako mbele yake, hiki asubuhi, hiki usiku, hiki kisipatikane nifanye nini. Kama mgonjwa anaelewa zaidi Kinyakyusa, Kikinga, Kihehe au Kisafwa, omba maelezo yafanywe mgonjwa akiwepo, nawe umtafsirie palepale, ili asiwe mgeni katika mwili wake.

Mazingira ya nyumbani nayo yatajwe. Hospitali haijui kwamba kwenu choo kiko nje na chini ya mteremko wenye utelezi. Haijui kwamba huko Makete Juni na Julai baridi hugandisha maji kwenye ndoo, na insulini ikiganda haifai tena, haiokolewi kwa kuiyeyusha. Haijui kwamba zahanati iliyo karibu ina mhudumu lakini haina dawa hiyo. Mwangalizi ndiye anayejua haya. Ndiyo maana asiwe mtu wa kusikiliza tu, aseme pia.

Halafu kuna rufaa. Mgonjwa hutoka zahanati akaenda kituo cha afya, akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha rufaa ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya, na wengine husonga hadi Muhimbili. Kila hatua anafunguliwa faili jipya na anaulizwa upya, safari hii labda akiwa hawezi kujibu. Jina la mwangalizi hupotea njiani. Liandike kwenye karatasi pamoja na namba mbili za simu, ukalikunje ndani ya barua ya rufaa.

Maneno ya kuachana nayo

"Kumtaja mtu ni uchuro." Nimelisikia hili kutoka kwa watu ninaowaheshimu, wazee hasa. Anayemtaja mwangalizi anajiandaa kurudi nyumbani na kupona. Ni mgonjwa anayetarajia kuishi ndiye anayehitaji mtu wa kumfunga kidonda.

"Aliyeandikwa hospitalini ndiye mrithi." Hapana. Mirathi ina njia yake: kikao cha ukoo, kisha mahakama, ambayo kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo. Faili la hospitali halihamishi hata jembe. Kadhalika hati ya kumwakilisha mtu kuuza shamba haimpi mwenye hati ruhusa ya kuamua miguu ya mwenye shamba ikatwe au isikatwe.

"Ukisaini, bili ni yako." Inategemea ulichosaini, na kwa hiyo soma. Kuandikwa mwangalizi si ahadi ya kulipa. Karatasi ya kudhamini malipo ni nyingine, na una haki ya kuuliza kabla ya kalamu kugusa. Asiyejua kusoma aombe asomewe na mtu wake, mbele ya mhudumu. Kama fedha ndiyo tatizo, afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kuonwa, na aonwe mapema kabla deni halijawa kubwa.

"Mwangalizi lazima awe mwanamke." Hili si sheria, ni mazoea, na linawachosha mabinti zetu hadi wanaacha shule na biashara. Kuna ukweli mdogo ndani yake: wodi za wanawake kwa kawaida haziruhusu mwanamume kulala humo, na hiyo ni heshima kwa wagonjwa wengine. Suluhisho ni kutaja watu wawili, mmoja wa kulala wodini na mwingine wa nyumbani. Mtoto wa kiume anaweza kumwosha mama yake miguu, kumpikia uji na kumhesabia vidonge. Wapo wanaofanya hivyo, na wanafanya vizuri.

Namna ya kumtaja, bila kusubiri sheria mpya

Ningependa Bunge letu lilitazame jambo hili, na kuiga yale matatu ya kuuliza, kujulisha na kufundisha kusingegharimu mashine yoyote. Lakini mgonjwa wa wiki hii hawezi kusubiri Dodoma.

Lianze nyumbani, kabla ya kuugua, kama familia nyingine zinavyozungumzia shamba na ada. Anayejua ana sukari au presha amwambie mtu wake: nikilazwa, nataka uwe wewe. Na amwulize kama yuko tayari, maana wapo wanaotajwa bila kujua, wana watoto wadogo na kazi ya mshahara wa siku.

Mapokezi, swali la ndugu wa karibu likija, mgonjwa ajibu mwenyewe kama anaweza. Mwenye pochi anyamaze kidogo. Wodini, siku ya kwanza, mgonjwa amwambie muuguzi: mwangalizi wangu ni fulani, uhusiano wetu huu, simu yake hii, mambo ya kuambiwa ni haya. Aombe liandikwe kwenye faili, na aulize kwa upole zamu inayofuata kama wameliona. Wahudumu wetu wamezidiwa na kazi, na ukweli ni kwamba wengi hulipokea ombi hili kwa furaha, kwa sababu linawapunguzia kueleza jambo moja kwa ndugu watano. Mwangalizi naye ajitambulishe kwa jina, ahakikishe simu yake ina chaji, na aulize mapema: mnatarajia kumruhusu lini? Swali hilo likiulizwa siku ya pili, kuna muda wa kujifunza. Likiulizwa wakati sista ameshashika karatasi, muda umekwisha.

Ikiwa mtu amekataliwa bila sababu, aanze kwa muuguzi kiongozi wa wodi, aende ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la malalamiko, na ikibidi kwa mganga mfawidhi. Hospitali za umma zina mkataba wa huduma kwa mteja, na inafaa kuuomba na kuusoma.

Kwa mgonjwa asiyejitambua ambaye hakumtaja mtu, madaktari humgeukia mwenzi wake, watoto wake watu wazima, au wazazi. Ndugu wakivutana, matibabu husuasua. Njia inayosaidia ni familia kukaa kikao kifupi palepale nje ya wodi, wakakubaliana juu ya msemaji mmoja na mwangalizi mmoja, wakampelekea muuguzi majina hayo kwa maandishi. Katika kikao hicho swali linalofaa ni moja: mgonjwa mwenyewe angemtaka nani? Mkubwa wa ukoo ana heshima yake, na anaweza kuitumia kusema, "Msikilizeni huyu binti, ndiye anayelala naye."

Na jina linaweza kubadilishwa. Mwangalizi huchoka, huugua, huitwa na msiba kwao. Wengine hawafai, wanalewa au wanazungumza mno. Mgonjwa hahitaji kueleza sababu wala kuitisha kikao. Anamwambia muuguzi wa zamu kwamba kuanzia leo mwangalizi wangu ni mwingine, jina la kwanza linapigwa mstari, la pili linaandikwa pamoja na tarehe, na mwangalizi mpya anaanza kufundishwa upya tangu mwanzo, kwa sababu alichojua wa kwanza ameondoka nacho.